Wakia tano za fedha ndani ya simu: hesabu ya zaka kwa mtu wa leo

Kwa Kiswahili, madini meupe anayofua sonara na pesa zilizomo mfukoni zina jina moja: fedha. Jina hilo limebaki tangu enzi ambazo sarafu ilikuwa ni madini yenyewe. Zanzibar ya karne ya 19, mfanyabiashara alihesabu riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye gramu 28 hivi, ambamo fedha safi ni gramu 23.4. Akitaka kujua kama zaka imemwajibikia, alifungua sanduku akahesabu. Kiwango cha Sharia ni dirhamu 200, yaani gramu 595 za fedha. Riale 26 zilizolala sandukuni mwaka mzima zilimwingiza kwenye wajibu. Riale 25 zilimwacha nje.

Leo sandukuni hamna kitu. Kilichopo ni namba kwenye simu, salio la benki, mzigo dukani na mchango wa upatu ulio mikononi mwa wenzako. Maandiko nayo yako vilevile: wakia tano za fedha, methkali 20 za dhahabu, robo ya sehemu ya kumi, pishi moja ya tende, ndama mmoja katika ng'ombe 30. Waislamu wengi wanataka kuyashika kama yalivyo, na hiyo ni nia ya kuheshimiwa. Tatizo linaanzia pengine. Maandiko hayo yanataja madini, vipimo na wanyama, na thamani ya kimoja kwa kingine imehama. Anayesema "mimi nafuata andiko tu" bado atalazimika kuchagua kati ya maandiko mawili ambayo zamani yalitoa jibu moja, na sasa majibu yake yamepishana kwa mara kumi hivi. Fukara anayengojea ndiye anayeonja matokeo ya uchaguzi huo, ndiyo maana inafaa kila mtu ajue anachagua nini.

Wakia ya hadithi na wakia ya dukani

Hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inasema hakuna zaka katika kilicho chini ya wakia tano. Msomaji wa Kiswahili hapa anateleza mapema, kwa sababu wakia anayoijua ni ile ya mizani ya Kiingereza, gramu 28.35. Akizidisha kwa tano anapata gramu 142, ambazo hazifiki hata robo ya kiwango. Wakia ya hadithi ni dirhamu 40. Dirhamu moja ina uzito wa gramu 2.975, kwa hiyo wakia moja ni gramu 119, na tano ni 595.

Hiyo 2.975 imetoka wapi? Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipofua dinari za Kiislamu kuanzia mwaka 77 Hijria (696 au 697 Miladia), uzito wake ulikuwa gramu 4.25 hivi, na sarafu zilizosalia zimepimwa. Wanazuoni wanakubaliana kwamba dirhamu kumi zina uzito wa methkali saba, na methkali ndiyo uzito wa dinari. Saba mara 4.25, gawa kwa kumi, unapata 2.975. Dinari 20 ni gramu 85 za dhahabu. Wahanafi (wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, moja ya madhehebu manne ya Sunni) wenye asili ya Bara Hindi, ambao wapo Dar es Salaam, Mombasa na Kampala pia, hupima kwa tola: tola 52.5 za fedha, sawa na gramu 612.36, na tola 7.5 za dhahabu, sawa na gramu 87.48. Tofauti hiyo ni ya asilimia tatu tu na haimnyimi mtu usingizi.

Tofauti kubwa ni ile ya dhahabu na fedha zenyewe. Zama za Mtume (s.a.w.) dinari moja ilibadilishwa kwa dirhamu kama kumi. Dinari 20 na dirhamu 200 zilikuwa kiwango kimoja kilichotajwa kwa sarafu mbili, moja ikitumika zaidi Sham (Syria na jirani zake) na nyingine Iraki. Kwa uzito, gramu moja ya dhahabu ilinunua gramu saba za fedha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilinunua 15 hadi 16. Kisha Ujerumani ikahamia sarafu ya dhahabu kuanzia 1871, mataifa mengine yakafuata, fedha ikamwagwa sokoni na bei yake ikaporomoka. Rupia, iliyokuwa sarafu ya pwani yetu wakati huo, ilishuka pamoja nayo. Tangu 2014 uwiano umekaa zaidi kati ya 60 na 100.

Tuweke tarakimu za mfano, kwa sababu bei hubadilika kila siku. Gramu ya dhahabu safi ikiwa shilingi 300,000 za Tanzania na ya fedha safi shilingi 3,750, kiwango cha dhahabu ni 85 × 300,000 = shilingi 25,500,000. Kiwango cha fedha ni 595 × 3,750 = shilingi 2,231,250. Mtu mwenye akiba ya milioni kumi ni tajiri kwa andiko moja, na kwa andiko la pili hadaiwi kitu.

Mwaka 1986 Chuo cha Fiqhi (elimu ya sheria ya Kiislamu) cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kilikutana Amman na kuamua kwamba noti ni pesa kamili, zina hukumu za dhahabu na fedha, na zaka inazihusu. Hapo kabla palikuwa na waliosema noti ni hati ya deni tu, hoja ambayo ingefuta zaka ya karibu kila mtu aliye hai leo. Mabaraza mengi ya fatwa hushika kiwango cha fedha kwa sababu mbili: hadithi zake zina nguvu zaidi, na kinawafaa mafukara kwa kuwa kinawaingiza watoaji wengi. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, mwanazuoni mzaliwa wa Misri, alishika dhahabu, na hoja yake ni nzito vilevile: viwango vingine vya zaka, ngamia watano au mbuzi 40, vinamwelezea mtu mwenye nafasi kweli, na gramu 595 za fedha siku hizi hazinunui mbuzi 40 wala hazikaribii.

Maoni yetu ni haya. Mwenye mshahara wa uhakika, nyumba yake na akiba isiyo na kazi ya haraka, ashike fedha. Mjane mwenye milioni mbili na nusu alizojikusanyia kwa ajili ya kodi ya nyumba na ada ya watoto, kiwango cha fedha kinamgeuza mtoaji asubuhi na mpokeaji jioni. Kumwambia ashike dhahabu ni kauli yenye wanazuoni nyuma yake. Kisichofaa ni kuhamahama, mwaka huu dhahabu na mwakani fedha, kwa kuangalia ipi inakusamehe.

Kuipata bei ya gramu bila kukosea

Bei ya dunia hutangazwa kwa dola kwa wakia ya madini, ambayo ni gramu 31.1035. Gawa bei hiyo kwa 31.1035, zidisha kwa thamani ya dola siku hiyo, umepata bei ya gramu moja. Wanaogawa kwa 28.35, wakia ile ya dukani, huipandisha bei kwa karibu asilimia kumi, na kiwango kinapaa nayo. Kosa la pili ni kuchukua bei ya bangili kwa sonara: ndani yake mna ufundi na faida yake. La tatu ni karati. Gramu 85 ni za dhahabu safi ya karati 24. Dhahabu ya karati 21 ina sehemu 21 katika 24, kwa hiyo inahitajika gramu 97.1 kufikia kiwango. Ya karati 18 inahitajika gramu 113.3.

Mapambo anayovaa mwanamke kwa kawaida ya mji wake hayana zaka kwa Washafi, Wamaliki na Wahanbali. Kwa Wahanafi yana zaka, yapimwe. Pwani yetu wengi ni Washafi, na ndiyo sababu bibi mwenye bangili sita mikononi haulizwi. Lakini dhahabu iliyonunuliwa iwekwe kabatini kama akiba, hiyo ni akiba kwa madhehebu zote, hata ikiwa na umbo la mkufu.

Duka moja, majibu matatu

Chukua duka la kawaida la vyakula. Siku ya mwaka kutimia mwenye duka anafunga mapema, anahesabu. Mzigo ulio rafuni na stoo, kwa bei ambayo angeuuza siku hiyo: shilingi 8,900,000. Pesa taslimu, salio la simu na la benki kwa pamoja: 2,350,000. Madeni ya wateja wanaolipa kweli: 750,000. Jumla 12,000,000. Rafu, friji, mizani na pikipiki ya kuchukulia mzigo havihesabiwi, kwa sababu haviko pale ili viuzwe. Naye anadaiwa na muuza jumla 3,200,000.

Akifuata kauli mashuhuri ya Washafi, deni lake halizuii zaka: 12,000,000 gawa kwa 40, anatoa shilingi 300,000. Akifuata Wahanafi, anaondoa deni kwanza: 8,800,000 gawa kwa 40, ni 220,000. Akishika kiwango cha dhahabu, milioni 12 haifiki milioni 25 na nusu, hatoi chochote. Duka ni lile lile, mzigo ni ule ule, na majibu yote matatu yana maandiko.

Kugawa kwa 40 ndiko kuhesabu "robo ya sehemu ya kumi" kwa njia nyepesi, na hakuna haja ya kutafuta asilimia 2.5 kwenye simu. Makosa yanayoharibu hesabu hii hayamo kwenye kugawa. Yamo kwenye kuhesabu mzigo. Wengi huandika bei waliyonunulia miezi minane iliyopita, wakati sukari imeshapanda. Wengine huingiza madeni yaliyokufa, ya wateja waliohama mtaa, halafu wanalalamika kwamba zaka ni nzito. Deni lisilotarajiwa lisihesabiwe. Likilipwa siku moja, Mshafi atalitolea zaka ya miaka iliyopita, na Mmaliki ataitoa ya mwaka mmoja.

Kauli ya kwamba deni halizuii zaka huwaumiza wafanyabiashara wa mkopo, nasi tunaona yafaa waisikie na upande wa pili. Imepokewa kwamba Sayyidna Uthman alikuwa akitangaza: huu ni mwezi wa zaka yenu, mwenye deni na alilipe, kisha mtoe zaka ya kilichobaki. Kwa hiyo hata Mshafi ana njia iliyo wazi: alipe deni lililofika wakati wake kabla ya siku ya hesabu. Pesa ikishatoka mkononi haihesabiwi.

Upatu nao unahitaji jicho. Tuseme mchezo una watu 12, kila mmoja anatoa 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa nane mtu ambaye zamu yake haijafika ameshatoa 800,000. Hizo hazijapotea, anawadai wenzake waliotangulia kupokea, na zinaingia kwenye jumla yake. Aliyepokea mwezi wa kwanza anabakiwa na michango minne, yaani anadaiwa 400,000, hata kama anajihisi ameshamaliza. Fedha za mafao ya uzeeni ambazo huwezi kuzigusa mpaka ustaafu, kauli ya wengi ni kuzitolea zaka zikishaingia mkononi.

Mwaka gani?

Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, siku 354. Mwenye hesabu zake kwa Desemba anachelewa siku 11 kila mwaka, na katika miaka 33 zaka ya mwaka mzima imemponyoka bila yeye kukusudia. Dawa yake inajulikana: anayebaki na kalenda ya Miladia atoe asilimia 2.5775. Kwa duka letu ni shilingi 309,300 badala ya 300,000. Vinginevyo achague tarehe ya Hijria, aiandike mahali asipoipoteza. Wengi huchagua Ramadhani. Haina ubaya, ila mwaka unaanza siku mali ilipofika kiwango. Aliyefika kiwango mwezi wa Rajabu anaruhusiwa kutanguliza. Kuchelewesha mpaka Ramadhani ijayo kwa ajili ya thawabu ni kumkalisha fukara na njaa miezi miwili.

Kwa pesa za akiba, Mshafi anasema zikishuka chini ya kiwango hata siku moja mwaka unaanza upya. Mhanafi anatazama mwanzo na mwisho tu. Kwa mzigo wa biashara Mshafi naye anatazama mwisho. Ndiyo maana mwenye duka haulizwi habari za mwezi wa Juni alipoishiwa.

Karafuu, mpunga na ng'ombe wa ndani

Hapa ndipo kushika herufi kunapotoa matokeo yanayowakera watu, na kuna sababu ya kukaa napo.

Kwa Washafi, zaka ya mazao inahusu chakula kinachoshibisha na kuhifadhika: nafaka, tende, zabibu. Kiwango ni wasaki tano, kila wasaki pishi 60, jumla pishi 300. Kwa hesabu inayotumika sana ni kilo 653. Kilimo cha mvua, au cha maji yanayojiendea yenyewe kwenye mfereji, kinatoa sehemu ya kumi. Cha pampu au ndoo kinatoa nusu yake. Hatungoji mwaka, zaka ni siku ya mavuno. Gharama za mbolea na vibarua kauli ya Washafi haiziondoi kwenye hesabu.

Mpunga una hukumu yake ambayo wakulima wengi hawajaambiwa. Nafaka inayowekwa na maganda yake kiwango chake ni wasaki kumi, kwa sababu nusu ya kipimo ni ganda. Angalia lakini: kipimo hicho ni cha ujazo. Anayechukua kilo 653 akazizidisha mara mbili anapata kilo 1,306 na amekosea, kwa kuwa mpunga ni mwepesi kuliko mchele kwa ujazo ule ule. Njia ya uhakika ni kuuliza mchele utakaotoka. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele theluthi mbili hivi ya uzito wake, basi mkulima wa Cheju kule Unguja au popote akivuna tani moja ya mpunga amefika kiwango.

Sasa mtazame jirani yake wa Pemba mwenye mikarafuu. Karafuu si chakula cha kushibisha. Anaweza kuipeleka Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, akapokea mamilioni, na zaka ya mazao haimgusi. Wa tani moja ya mpunga anatoa gunia. Wa karafuu, korosho, kahawa au miraa hatoi, mpaka pesa alizouzia zikae mwaka, na mara nyingi hazikai. Imamu Abu Hanifa alisema kila kinachooteshwa na ardhi kina zaka, akishika ujumla wa maneno "katika kinachonyweshwa na mbingu ni sehemu ya kumi". Hilo nalo ni kushika herufi. Kashika herufi nyingine.

Ng'ombe hivyo hivyo. Katika 30 ni ndama wa mwaka mmoja, katika 40 ni wa miaka miwili, katika 60 ni ndama wawili wa mwaka mmoja. Sharti la wanazuoni walio wengi, isipokuwa Wamaliki, ni kwamba wanyama wawe wa malishoni, wanaojilisha nyikani bila gharama kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mfugaji wa ng'ombe 30 wa asili waliokonda kwa ukame anatoa ndama. Mwenye ng'ombe 30 wa maziwa wanaolishwa bandani kwa pumba na mashudu hatoi mnyama, ingawa mmoja wao huenda akanunua kadhaa wa yule. Sharti hili lina busara yake: mwenye kulisha ana gharama. Mfugaji wa bandani atazame pesa za maziwa zilizokaa mwaka.

Masahaba wenyewe walikutana na kadhia kama hii. Hadithi inasema Mwislamu hadaiwi zaka ya farasi wake. Imepokewa kwamba zama za Sayyidna Umar mtu wa Yemen aliuza farasi kwa ngamia 100. Umar alishangaa bei ya farasi kufika hapo. Akasema, tunachukua mbuzi katika kila mbuzi 40, na kwa farasi tusichukue kitu? Akaamuru ichukuliwe dinari moja kwa kila farasi. Andiko la farasi wa kupanda vitani alilijua vizuri. Alichokiona ni kwamba farasi wa ngamia 100 ameshakuwa mali ya namna nyingine. Wanaotaka zaka ya karafuu siku hizi huanzia hapa, na wanaowapinga wanajibu kwamba si kila mtu ni Umar. Mkulima wa karafuu anayetaka kuondoka kwenye hitilafu hiyo ana njia rahisi: atoe sehemu ya kumi siku ya kuuza, kwa kauli ya Abu Hanifa. Hakuna madhehebu itakayomlaumu.

Pishi

Kila Ramadhani mjadala wa zaka ya fitri, pishi ya kila mtu inayotolewa kabla ya swala ya Idi, unarudi: chakula au pesa? Hadithi ya Ibn Umar inataja pishi ya tende au ya shayiri. Ya Abu Said al-Khudri inaongeza zabibu na jibini kavu. Washafi, Wamaliki na Wahanbali wanasema chakula. Washafi wanakiweka kuwa chakula kikuu cha mji, ndiyo maana kwetu ni mchele au mahindi. Wahanafi wanaruhusu thamani yake.

Kipimo cha Madina kinachotajwa katika hadithi kinaitwa kwa Kiarabu sa'. Watafsiri wetu walikiita "pishi", na walitafsiri vyema: pishi ni vibaba vinne, na sa' ni mudi nne. Mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa vya mtu wa wastani, visivyofumbatwa wala kukunjuliwa sana. Chota mara nne, umepata. Kwa lita ni kama 2.75. Ni kipimo cha ujazo, na ujazo huo una uzito tofauti kwa kila chakula: ngano kilo 2.2 hivi, mchele karibu na hapo. Misikiti mingi hutangaza kilo 2.5, na wengine kilo 3, kwa tahadhari, na tahadhari hiyo ni nzuri kwa sababu mchele mbovu una mawe. Unga haukubaliki kwa Washafi, inatakiwa nafaka yenyewe; mfuko wa sembe uliofungwa vizuri kwa nia njema unaanguka kwenye hitilafu.

Hata ujazo wenyewe uligombaniwa. Abu Hanifa alisema pishi ni ratli nane. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alipofika Madina akakutana na Imamu Malik, wazee wa mji walimletea pishi zao, kila mmoja akisema ameirithi kwa baba yake aliyekuwa akimpelekea Mtume zaka kwa chombo hicho. Akazipima. Zilikuwa ratli tano na theluthi. Akaacha kauli ya mwalimu wake.

Kuhusu thamani, hoja si mpya hata kidogo. Muawiya alipokuja Hijazi alisema anaona nusu pishi ya ngano ya Sham ni sawa na pishi nzima ya tende, watu wakalichukua hilo. Abu Said akasema yeye ataendelea kutoa kama alivyokuwa akitoa zama za Mtume. Wote wawili ni masahaba. Sahaba mwingine, Muadh, alipokuwa Yemen aliwaambia watu wamletee nguo mahali pa shayiri na mtama, ni nyepesi kwao na bora kwa watu wa Madina.

Leo kinachoharibika ni hiki. Familia moja ya kifukara inapata mifuko 20 ya mchele usiku wa kuamkia Idi. Haiwezi kuula wote, inahitaji mafuta, nyama na viatu vya watoto. Asubuhi inaupeleka mchele kwa muuza duka, anaununua kwa bei ya kutupa, na pengine ndiye aliyeuuza jana. Anayeona hayo akaamua kufuata kauli ya Wahanafi ana haki. Anayetaka kubaki na chakula afanye mambo mawili: agawanye mapema, maana kwa Washafi inajuzu tangu mwanzo wa Ramadhani, na kamati ya msikiti iwe na orodha moja ya mtaa ili mifuko 20 isiishie mlango mmoja.

Msikiti unaokusanya pesa kwa simu ni wakala. Pesa zako zinakuwa fitri pale zinapogeuka mchele na kufika mkononi mwa mstahiki kabla ya swala ya Idi. Baada ya swala, kwa hadithi ya Ibn Abbas, ni sadaka kama sadaka nyingine. Aliyetuma saa tano za usiku, duka la jumla limefungwa, amemweka mhasibu wa msikiti mahali pagumu. Kamati ziweke mwisho wa kupokea siku mbili kabla, na zitangaze bei ya pishi moja kwa kichwa kimoja.

Ada ya kutuma, na walio ng'ambo

Zaka ni ile inayofika mkononi mwa mstahiki. Ukituma 300,000 na yeye akakatwa ada ya kutoa, amepokea pungufu, na pungufu hiyo ni deni lako. Tuma pamoja na ya kutolea. Usimtumie mtu ambaye simu yake ina mkopo wa kampuni ya simu unaojikata wenyewe, kabla hujamuuliza. Salio litamezwa hajanunua hata kibaba. Ukitaka kumlipia deni hilo, sawa, mwenye deni ni mmoja wa wale wanane wa aya ya 60 ya Suratut-Tawba, lakini ajue.

Aliyeko Muscat, London au Toronto anauliza atoe wapi. Zaka ya mali inafuata mali: akiba iliyoko benki ya huko, kwa kauli mashuhuri ya Washafi, ni ya mafukara wa huko, na duka lililoko Mombasa zaka yake ni ya Mombasa. Wanazuoni wengi wa sasa wanaruhusu kuihamishia kwa jamaa wahitaji zaidi. Fitri inafuata mwili: ni ya mji ambao jua la mwisho la Ramadhani limekuchwea, na kwa chakula cha mji huo. Mtoto wako aliyeko Tanga kwa bibi yake, pishi yake itolewe Tanga.